Hoteli ya msafiri wa kazi Uganda: usilipe kabla hujafungua bomba

MikandaNaBeringi

Wakuu, habari za leo.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mtu wa Mwanza na kazi yangu ni kuuza na kufunga vipuri vya mashine za kusaga: mikanda, beringi, nyundo. Wateja wangu wengi wako Kisenyi, Kampala, pale mashine za unga zilipopangana ukuta kwa ukuta. Kila baada ya miezi miwili nazunguka pia Masaka, Mbarara, Hoima na mara mojamoja Arua. Huu ni mwaka wa 7. Vyumba nimelala vya kila namna.

Wiki iliyopita kijana wa ofisini kwetu alikuja Kampala kwa mara ya kwanza. Akanipigia saa 8 usiku, amekaa juu ya begi lake, hajui aende wapi. Alishuka kwenye basi jioni mvua inanyesha, mpiga debe mmoja akambebea begi mpaka kwenye loji iliyo jirani na stendi. Shilingi 35,000 za Uganda. Akalipa kwanza, ufunguo akapewa baadaye. Chini kuna baa, muziki ukaanza saa 4. Saa 7 bomba likakauka akiwa na sabuni kichwani. Saa 8 mtu akagonga mlango kwa kiganja, akidai muda wake umekwisha, maana vyumba vile kumbe hukodishwa kwa saa.

Asubuhi ana kikao saa 2 na nusu. Alikwenda. Akiwa mbele ya mteja akatoa karatasi ya bei za mwaka jana, akaisoma mpaka mwisho, hajashtuka. Oda ya mikanda ya mashine 14 ikaenda kwa mtu mwingine.

Simlaumu yule kijana. Najilaumu mimi niliyemwambia "utapata tu sehemu, Kampala hoteli ni nyingi". Chumba cha mtu aliyesafiri kikazi ni chombo cha kazi kama spana, na hakuna fundi anayenunua spana gizani.

Sasa nawaeleza ninavyofanya. Nikifika mapokezi sitoi pesa. Nasalimia, naomba kuona chumba, na naingia na chaja mkononi. Kwanza naichomeka kila tundu la umeme, hasa lile la karibu na kitanda, kwa sababu mara nyingi tundu zuri liko nyuma ya televisheni, na simu ya mtu wa biashara haiwezi kulala mbali naye. Kisha nafungua bomba la moto nikaliacha litiririke. Wakati linatiririka nainua kona ya godoro na kuangalia kwenye mishono: vidoti vyeusi kama vya kalamu maana yake kunguni, na hapo nashukuru na kuondoka. Nikirudi bafuni maji yawe yameshapata moto. Wakiniambia "yatakuja baadaye", sijapata kuona yakija.

Halafu nafunga dirisha, nakaa kitandani kimya kwa dakika mbili hivi. Nasikiliza. Spika zinajaribiwa wapi? Jenereta liko upande gani? Geti la chuma la mabasi lina sauti yake, ukiijua huisahau.

Mwisho, meza. Watu hawaizingatii meza. Mimi usiku naandika ankara, nahesabu risiti, napanga mzigo wa kesho. Chumba bila meza na kiti maana yake unaandikia gotini, na tarakimu za gotini zina makosa. Kuna hoteli moja upande wa Mengo naipenda kwa sababu ya meza tu. Ni ya mbao ya zamani, mguu mmoja umewekewa kipande cha kadibodi isiyumbe, na taa imening'inia juu yake sawasawa. Chandarua chao kina tundu lililoshonwa kwa uzi mweupe, mshono mdogomdogo, mtu amekaa akautuliza moyo akashona. Nilipouona mshono ule nikajua hapa kuna mtu anayejali, na sijawahi kujuta. Chumba ni 90,000 na kifungua kinywa ndani.

Kuhusu eneo, kama kazi yako ni Kisenyi, Owino au Kikuubo, usilale palepale sokoni. Panda kilima. Mengo, Namirembe, Old Kampala, kote huko unashuka kwa miguu mpaka Kisenyi bila kumpa boda hata shilingi, na usiku unapata usingizi. Old Kampala utaamshwa na adhana ya alfajiri kutoka ule msikiti mkubwa wa taifa, kwangu mimi hiyo ni faida.

Wenye uzoefu karibuni, hasa wa mikoani.

Mwananchi_Busia

Mkuu umeeleza vizuri ila 90,000 si mchezo kwa sisi tusio na kampuni nyuma. Mimi naleta nguo, faida ya safari nzima wakati mwingine ni laki tatu. Nikilala siku tatu kwa bei yako nimemaliza. Loji za 30,000 zina watu wake na si zote zina baa chini.

BintiBombo

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi niko upande wa pili wa kaunta. Nimezaliwa Bombo, sisi Wanubi Kiswahili tunakua nacho, na ndicho kilichonipa kazi ya mapokezi hapa Kampala: hoteli yetu ina vyumba 22, na wageni wengi ni Watanzania, Wakongo na Wakenya. Dada aliyenitangulia alikuwa anajua Luganda na Kiingereza tu. Katiba ilishakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, na 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni, lakini kaunta nyingi za Kampala bado mgeni anaongea kwa vidole. Nikimjibu mtu "karibu, pole na safari", namuona mabega yanashuka.

Kaka MikandaNaBeringi amesema kweli kuhusu kuona chumba. Sisi hatukasiriki mgeni akiomba. Anayekasirika ana la kuficha. Naongezea yale ambayo mgeni haoni.

Umeme ukikatika. Msiulize "mna jenereta?" kwa sababu kila mmoja atasema ndiyo. Ulizeni linawasha nini. Sehemu nyingi za bei ya kati, jenereta linalisha mapokezi, jiko na taa za korido, basi. Vyumbani giza, na hita ya maji haiguswi kwa sababu inakunywa umeme mwingi. Mkiona hita ya sola juu ya paa, hiyo ni nzuri, ila jua lisipowaka siku mbili maji yake yanakuwa vuguvugu. Ndiyo maana mwezi wa 4 na wa 11, mvua zikikolea, wageni wangu wanaojua huoga jioni, hawangoji alfajiri.

Saa ya kuondoka. Hili linaleta ugomvi kila wiki na linaniumiza kwa sababu kosa si la mgeni. Ukutani imeandikwa 10:00. Mgeni wa Kiswahili anasoma saa 10, anaenda zake Kikuubo ana amani, akirudi saa 9 alasiri anakuta begi lake liko mapokezi na anadaiwa siku ya pili. 10:00 ile ni saa 4 asubuhi! Nimemuomba meneja tuandike kwa Kiswahili pembeni, sasa tumeandika. Kwingine ulizeni kwa mdomo.

Kulipa. Ukilipa kwa simu, lipa kwa namba ya biashara ya hoteli, sawa na ile lipa namba ya kwenu Tanzania, jina la hoteli litokee kabla hujaweka siri yako. Mhudumu akikupa namba yake binafsi, kataa kwa adabu. Pesa ile mwenye hoteli hataiona, na asubuhi utaambiwa hujalipa. Na msitoe fedha taslimu kwa wakala ili mje mlipe kaunta, maana kutoa kuna ada ya wakala na juu yake kodi ya serikali ya nusu asilimia. Lipeni moja kwa moja.

Kifungua kinywa. Kinaanza saa 1. Mnaondoka saa 11 alfajiri kukimbilia basi, mnakiacha, na mmeshakilipia. Mniambie usiku. Jikoni watafunga chapati, mayai mawili ya kuchemsha na ndizi, chai ya maziwa nitawawekea kwenye chupa yenu. Mpishi wetu hajawahi kukataa. Ila wanaobaki, subirini katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na matumbo, kila siku yanaisha kabla ya saa 3.

MamaVitenge

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Nimesoma yote, nashukuru, lakini sisi wanawake tuna mambo yetu. Mimi nasafiri peke yangu Dar mpaka Kampala mara nne kwa mwaka na pesa nimefunga kiunoni. Cha kwanza kwangu si maji wala meza. Ni komeo. Kitasa cha ufunguo hakinitoshi kwa sababu ufunguo wa akiba upo na sijui uko kwa nani. Nataka komeo la ndani, la chuma, na naliangalia skrubu zake zimeshika ubao au zimening'inia. Kuna mahali, sitapataja, komeo lilikuwa limepigwa misumari miwili tu. Nikisukuma kwa bega mlango unafunguka. Nililala na kitanda nimekisogeza mlangoni, nikalia kidogo, asubuhi nikahama.

Cha pili, chumba kisiwe cha chini chenye dirisha la barabarani, wala cha mwisho kabisa kwenye korido. Naomba ghorofa ya kwanza au ya pili karibu na ngazi.

Cha tatu, namba ya chumba isitajwe kwa sauti mapokezi wakati kuna wanaume wamekaa kwenye makochi. Mdogo wangu BintiBombo, hili naomba uwafikishie wenzako.

BintiBombo

Shikamoo mama. Nimelisoma kwenye simu nikiwa zamu na nimeona haya, kwa sababu jana tu nimemtajia dada mmoja namba ya chumba kwa sauti mbele ya watu. Kuanzia leo naandika kwenye karatasi.

MwanaButembo

Jambo sana ba ndugu. Mimi niko mtu wa Butembo, Kongo, napitia mpaka wa Kasindi na Mpondwe, nalala Kasese, kesho yake Kampala. Kiswahili chetu mtanisamehe, njo vile tunasema.

Kuhusu kulala ku kilima, mimi nakataa kidogo. Mtu wa vipuri anabeba sampuli mu begi. Mimi nanunua mizigo, marobota 15, 20. Nikilala mbali na mzigo silali. Mu Kisenyi kule kule kuko hoteli ya mtu mmoja, chini stoo ya mzigo, juu vyumba. Kelele iko, naziba masikio na pamba. Lakini stoo iko na daftari: kila robota linaandikwa, unatia sahihi, mlinzi anatia sahihi. Asubuhi lori linakuja mpaka mlangoni. Wa kilimani wanalipa wabebaji mara mbili.

Na mvua ikipiga, uliza stoo iko juu ao chini. Maji ya mfereji wa Nakivubo yakipanda yanaingia mu maduka ya chini. Rafiki yangu alipoteza viatu katoni 6 hivyo. Mzigo uwe juu ya mbao, usikae ku sima.

MikandaNaBeringi

MwanaButembo, nimekuelewa, na hapo uko sahihi kunizidi. Ushauri wangu wa kilimani ni kwa anayekuja kuongea na watu, kupima, kuandikishana. Mwenye marobota alale na marobota yake.

Mwananchi_Busia, kaka, sijasahau hoja yako. Miaka miwili ya mwanzo nililala za 25,000 na 30,000, sikuwa na namna. Utaratibu ni uleule, chumba kionwe kwanza. Nyumba za wageni za makanisa kule Namirembe nyingine zina vyumba vya bei nafuu, choo cha nje cha kuchangia, lakini kimya na usafi wa hali ya juu, na hakuna anayekodi kwa saa. Pia ukikaa siku tatu, usilipie siku mojamoja. Sema mwanzoni "nakaa siku tatu, na nitarudi mwezi ujao", uone bei. Mimi ya Mengo ilianza 110,000. Hiyo 90,000 ni matunda ya kurudi palepale.

FundiBomba_Hoima

Mimi ni mchomeleaji kutoka Tanga. Bomba la mafuta ghafi linaanza Hoima na kuishia kwetu Chongoleani, kilomita 1,443, kwa hiyo mimi niko mwanzo na mama yangu yuko mwisho.

Hoima msifike bila kupiga simu. Siku za kazi nimeshaona watu wa makampuni wamechukua hoteli nzima, na bei inapanda. Ijumaa jioni wanaondoka kwenda Kampala, vyumba vinabaki wazi. Mwenye kazi fupi aje Ijumaa, afanye mambo yake Jumamosi asubuhi.

Vumbi la kiangazi liko kali, ombeni chumba cha upande wa nyuma.

Kijana_Kagera

Wakuu naomba msaada. Naingia kupitia Mutukula Jumatatu ijayo, safari yangu ya kwanza ya kikazi. Kampala siku mbili, kisha Kabale, kisha nitapanda mpaka Arua. Nimeajiriwa na kampuni iliyosajiliwa huku Uganda, na mhasibu ameniambia risiti ya kuandikwa kwa mkono haitambui. Nifanyeje? Na nibebe nini?

BintiBombo

Mdogo wangu, mhasibu wako anataka risiti ya EFRIS, ule mfumo wa mamlaka ya mapato ya Uganda, URA. Inatoka kwenye mashine au kompyuta, ina kile kialama cha mraba cha kupiga picha na simu, na namba ndefu. Muulize mapokezi kabla ya kulala, na uwape TIN ya kampuni yako mwanzoni, maana risiti ikishatoka kwa jina lako kuibadilisha ni kazi. Hoteli iliyosajiliwa kwa VAT itakuwa nayo. Uliza pia kama bei uliyotajiwa ina ile asilimia 18 ndani. Wengine hutaja bei ya chumba peke yake, na unapoomba risiti ndipo wanaongeza. Gesti ndogo isiyosajiliwa haina risiti hiyo, hata ukibembeleza. Kwa hiyo wewe usiingie kwenye ya 30,000 ukadhani unaisaidia kampuni, itakukata kwenye mshahara wako.

MikandaNaBeringi

Kijana_Kagera, karibu sana kwenye njia yetu. Ukitoka Mutukula utapita Kyotera na Masaka, na pale Kayabwe utavuka ikweta. Uwe na noti ndogo, wauza nyama choma na gonja, zile ndizi za kuchoma, hawana chenji ya 50,000 asubuhi. Halafu ujue huku "teksi" ni daladala, ukitaka gari la peke yako sema "spesho".

Kabale na Arua ni nchi mbili tofauti kwa mtu anayetafuta chumba. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku unatetemeka. Pale usiulize feni, uliza blanketi la pili na maji ya moto, na uyajaribu kwa mkono wako, kwa sababu kuoga maji ya baridi ya Kabale saa 11 alfajiri kutakunyima sauti kikaoni. Niliwahi kuongea na mteja nikitetemeka meno, akadhani namuogopa, akashusha bei.

Arua kinyume chake. Joto limetulia ukutani mpaka usiku wa manane. Chumba cha chini ya bati bila dari usikipokee hata wakikupa bure. Feni iwashwe mbele yako kwa kasi zote tatu. Na chandarua Arua usikidharau, kiingize chini ya godoro pande zote nne kabla jua halijazama. Kiswahili Arua kinakubalika kuliko Kampala, utajisikia nyumbani.

Vya kubeba: kufuli dogo la begi, ndara za bafuni, ekstensheni fupi yenye pini tatu za mraba kama za kwetu, tochi. Na sabuni yako.

MamaVitenge

Na shuka moja jepesi. Mwanangu, usilisahau shuka.

Kijana_Kagera

Wakuu, nimerudi Kampala jana usiku kutoka Arua. Nawapa mrejesho.

Kampala hoteli ya kwanza niliomba kuona chumba, kaka wa mapokezi akasema "lipa kwanza ndiyo utaona". Nikamwambia asante, nikatoka. Moyo ulidunda kwa sababu ilikuwa saa 2 usiku na sijui mtu. Ya pili wakanionyesha, bomba la moto likatoa maji baridi, dada akasema subiri, nikasubiri, yakaja ya moto kabisa. Kwa hiyo mkuu, wakati mwingine yanakuja! Meza ipo. 85,000, risiti ya EFRIS nikapewa palepale kwa TIN ya kampuni.

Kabale nilipewa mablanketi mawili nikaomba la tatu.

Arua ndiko nilikokosea. Nilifika nimechoka, masaa mengi ndani ya basi, nikaangalia feni tu na sikuangalia kitu kingine. Usiku nikagundua dirisha halifungi, limezuiwa kwa gazeti lililokunjwa. Nilikaa macho mpaka kwenye saa 12 na nusu, kulipopambazuka, nailinda kompyuta. Asubuhi nikamueleza mwenye nyumba, mzee mmoja mpole sana. Hakubishana. Alichukua nyundo yeye mwenyewe, akapanda kwenye kiti, akagonga kile kitasa mpaka kikashika, kisha akanirudishia 20,000. Nikalala pale tena siku mbili.

BintiBombo, nitapita Kampala tena tarehe za mwanzo wa mwezi ujao. Kama kwenu kuna chumba cha ghorofa ya pili chenye meza, naomba uniwekee. Na katogo.

BintiBombo

Namba 14 inakuwa wazi Jumapili. Dirisha lake linafunga, nimetoka kulijaribu sasa hivi. Katogo uwahi, kabla ya saa 3.